Mahindi ya Hidaya na Michezo ya Kaizari

Hidaya binti Stambuli alikuwa mjane wa Kiluguru. Shamba lake lilikuwa bondeni, pale milima inapoishia na mji wa Morogoro kuanzia. Alilirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Hakuna aliyepata kumwuliza analima kwa ruhusa ya nani, mpaka siku Mwinjuma, akida wa serikali ya Wajerumani, alipofika na kamba ya kupimia.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari moshi lifike. Wajerumani walitaka kuadhimisha siku ya kuzaliwa Kaizari wao, mwezi Januari, kwa michezo mikubwa, na Morogoro ndiyo iwe mwenyeji. Wageni wangetoka Dar es Salaam, Ngerengere na mashamba ya mkonge: Wazungu, Wagiriki, Wahindi, askari wa Kinubi.

"Hapa patafaa kwa mbio," Mwinjuma alisema. "Fyeka."

"Mahindi ndiyo kwanza yanatoa ndevu, akida. Nipe wiki tatu."

"Kaizari hakuzaliwa kungojea mahindi yako."

Hidaya hakufyeka. Kesho yake akida alileta watu wa kazi ya lazima, na kati yao alikuwamo Rehani, ndugu yake wa tumbo moja. Rehani alisimama na panga, asiweze kuinua uso.

"Nisamehe, dada."

"Kata, usije ukachapwa viboko. Ninajua aliyekata ni nani, wala si wewe."

Siku ya michezo uwanja ulifurika watu. Walivuta kamba, walikimbia ndani ya magunia, walipanda mlingoti uliopakwa mafuta. Kisha wanawake kumi walipangwa kukimbia na mitungi ya maji kichwani, wageni wapate kucheka. Hidaya alikuwa mmoja wao, kwa amri ya akida.

Kabla ya mbio Mwinjuma alipanda jukwaani akahutubia. Alimsifu bwana mkubwa wa boma, kisha akasema, "Mahali hapa palikuwa pori tupu. Tumepafanya uwanja."

Kufyekewa mahindi Hidaya alikuwa amevumilia. Lakini kuambiwa kwamba bibi yake hakuwahi kuishi?

Bunduki ililia, wenzake wakatimka. Yeye aliutua mtungi chini, akaenda mpaka mbele ya akida.

"Pori halina makaburi," alisema. "Mama yangu amelala nyuma ya jukwaa lako. Waambie wageni wako hivyo."

Mkalimani wa wageni hakuyatafsiri maneno hayo. Mwinjuma alimwamuru askari amwondoe, na kwa siku nne Hidaya alibeba mawe barabarani.

Alipoachiwa hakwenda kuomba radhi. Masika yalipoanza alishuka na wanawake saba wa ukoo wake, wengine vikongwe, wakaulima uwanja ule mchana kweupe na kupanda maharage. Akida alikuja na askari, akafoka. Wakaketi chini juu ya matuta, wote wanane, na hakuna askari aliyetaka kuburuta bibi kizee mbele ya watu. Mwishowe akaondoka.

Januari iliyofuata michezo ilihamishiwa karibu na stesheni. Akida alitangaza kwamba huko ni rahisi kwa wageni. Hidaya alikuwa shambani akipalilia, na habari ile alipoletewa aliuliza tu kama wenye uwanja wa stesheni wameulizwa.