Klipu Iliyobaki Kwenye Kizibo

Jina lake halisi lilikwisha kusahaulika mtaani; kila mtu alimwita Sikio. Alikuwa fundi wa magari, hasa wa gia. Gari lilipoingia kwake, alifumba macho kwanza na kulisikiliza, mithili ya daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, ndipo akanyoosha mkono kutafuta spana. Gereji yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba waliyoachiwa na wazazi, yeye na mdogo wake wa kike. Huyo mdogo wake ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Kwa hiyo, mume wa mdogo wake alipoleta gari mchana ule, Sikio hakuweza kumkatalia.

Shemeji na mkewe walisambaza mayai. Barabara yao ilipanda kilima, kisha ikateremka ghafla hadi kwenye daraja jembamba. Shemeji, aliyechoka kupitwa na wenzake, alikuwa amenunua mkono mfupi wa gia, ili kiganja kisogee kidogo tu kutoka gia moja hadi nyingine.

"Huu wa zamani ni mrefu kama mwiko wa kukorogea uji wa jeshi," alisema.

"Mayai yenyewe hayana haraka, shemeji."

"Usinianzie haraka haraka haina baraka. Hiyo niliisikia tangu tumboni mwa mama!"

Mkewe, aliyekuwa akipanga trei za mayai kivulini, aliangua kicheko. "Kaka, mfungie tu. Nyumbani hatulali kwa ajili ya huo mkono."

Sikio alitabasamu, ila tabasamu halikufika machoni. Alilipandisha gari kwa jeki, akaingia chini, akautoa mkono wa zamani na kuuweka mpya. Ncha yake ya chini aliiunganisha na fimbo inayokwenda kwenye sanduku la gia, akapitisha pini. Pini hiyo huzuiwa isichomoke na klipu ndogo ya chuma, nyembamba kama ukucha.

Hapo ndipo Sikio alipokuwa na desturi yake. Hakuwa akiifunga klipu kabla mwenye gari hajakizoesha kiganja chake mkono mpya, kwa sababu klipu ikishabanwa, kuitoa ili kurekebisha ni kuivunja. Aliiweka kwenye kizibo cha chupa juu ya meza, akalishusha gari, akatia ufunguo mfukoni.

"Kaa hapo, injini imezimwa. Fumba macho. Weka ya nne."

Shemeji alivuta mkono. Sikio akachungulia.

"Hiyo ni ya pili."

"Mbona naona ni ya nne?"

"Mkono wako bado unaishi kwenye gari la zamani. Endelea kuzoea, nakuja. Bado sijamaliza."

Akaenda kwa jirani yake, mchonga vyuma, kutafuta washa, kipete chembamba cha chuma, ya kuondoa ulegevu uliobaki kwenye pini. Aliporudi, banda lilikuwa tupu. Trei za mayai hazikuwepo kivulini. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwake. Klipu ilikuwa bado kwenye kizibo.

Alipiga simu. Akapokea mdogo wake.

"Kaka, usitugombeze. Wateja walituita, na ufunguo wa akiba ninao mimi."

"Mko wapi?"

"Ndiyo tunamaliza kupanda kilima."

Sikio alishika ukingo wa meza. "Gari liko gia ya ngapi?"

"Ya tatu, kama sikosei. Kuna nini?"

"Klipu ninayo hapa."

Binti aliyekulia kwenye banda lile hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Sikio akaendelea upesi.

"Asiuguse mkono wa gia. Asikanyage klachi, gia ndiyo inayolishika gari. Breki, kidogo kidogo. Akibisha, weka kiganja chako juu umzuie."

Kwa mbali ikasikika sauti ya shemeji ikicheka. "Sasa anakufundisha udereva kwa simu? Toa mkono, mke wangu, nataka ya pili."

Kisha chuma kikalia chini ya gari, mara moja, na simu ikakatika.

Mchonga vyuma alimpakia kwenye pikipiki bila kuuliza. Wakiwa kileleni, Sikio akamgusa begani asimame. Katikati ya barabara, pale mteremko unapoanza, ilikuwepo pini. Aliiokota; ilikuwa na joto la lami iliyopigwa na jua. Mbele yake lilianza doa la ute wa yai, kisha jingine, kisha mstari wa njano ulioshuka mpaka kwenye kona asiyoweza kuona nyuma yake.

Walishuka wakiufuata mstari huo.

Gari lilikuwa limeegemea tuta la udongo, hatua chache kabla ya daraja. Shemeji alikaa juu ya jiwe.

"Nilitaka kukanyaga klachi," alisema. "Akaniambia, ukikanyaga tumekufa. Akanishika mguu kwa mkono mmoja."

Mdogo wake Sikio alikuwa bado ndani ya gari, mkono wake wa pili juu ya gia, vidole vimekakamaa. Gari lilikuwa limeshuka mteremko wote likizuiwa na gia ya tatu na breki zilizonuka moshi.

"Kaka, niuachie?"

"Uachie, mama."

Aliuachia. Mkono wa gia ukalala upande, kama shingo isiyo na mfupa.

Sikio alirudi gerejini kuchukua mkono wa zamani, akarudi kuufunga kando ya barabara, na safari hii akaibana klipu kabla mtu yeyote hajaugusa. Alipotoka chini ya gari, shemeji alinong'ona, "Na ule mfupi?"

Mdogo wake alichomoa ufunguo wa akiba kutoka kwenye pochi, akauweka kwenye kiganja cha kaka yake na kukifumba. "Huu ubaki kwako."

Gari likaondoka taratibu. Sikio alifumba macho, akalisikiliza likivuka daraja, akingoja shemeji abadili gia.