Sururu Iliyosikika kwa Meno

Skerva alikuwa na tabia ya kujibu swali ambalo hukumuuliza. Unamwambia mkate umeungua, anakujibu goti halimsumbui tena, ahsante. Sisi majirani tulicheka, tukasema ni uzee huo, maana alikuwa ametimiza miaka mia moja na tisini, na kwa umri huo mtu anaruhusiwa kuropoka kidogo. Mimi mwenyewe nilicheka, tena kwa sauti. Nikikumbuka sasa naona aibu.

Watu warefu wa bondeni hutuita vibete. Shauri yao, dari zetu zinatutosha. Wanachokosa wao ni masikio. Mtu wa kwetu akigonga sufuria kwa ukucha anajua kama mfuaji alikuwa na njaa siku ile, na Skerva alitupita wote. Alipokuwa msichana, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, alipita nje ya karakana ya baba yake akasikia shoka likigongwa ndani. Akapaza sauti kutoka njiani, "Baba, hilo usimpe mtu, lina ufa!" Baba yake akalirudisha tanurini bila kulitazama mara mbili. Kwa hiyo mtunzaji wa Sururu ya Yorva alipofariki, hakuna aliyethubutu kushindana na Skerva.

Sururu hiyo ndiyo iliyotuingiza mlimani. Bibi yetu Yorva alikuwa nje kwenye theluji na watu arobaini, akaupiga mwamba siku tisa, ya kumi ukafunguka. Tangu hapo, kila mwaka Siku ya Mlango, mkuu wa ukoo huipiga mara moja tu, kwa nguvu zake zote, kwenye jiwe la kizingiti. Mlio huingia kila handaki hadi visima vya chini kabisa, na mpaka uishe hakuna anayekohoa. Watoto wachanga hubebwa wausikie, wagonjwa hufunguliwa milango. Mtu akiukosa, husema mwaka ule hakuuishi.

Kazi ya mtunzaji ni kuipaka mafuta, na kila asubuhi kuigonga kwa kinyundo cha shaba na kuisikiliza kama ni nzima. Sheria yake ni moja: asiyesikia hatunzi. Skerva aliifanya kazi hiyo miaka mia moja na ishirini. Hakujaliwa kuzaa. Mume alikuwa naye, Fulgi, mwenye mbuzi wa maziwa, mtu mwema sana ila alikoroma mpaka vumbi linaanguka darini. Mwanawe hasa alikuwa ile sururu, na aliyeisogelea na mikono ya jibini alikiona cha mtema kuni.

Siri yake niliigundua kwa sababu ya mkate. Nilimpelekea mkate wa uyoga asubuhi moja, nikabisha mlango wa chumba cha sururu, kimya, nikaingia tu. Nikamkuta ameung'ata mpini wa sururu, huku kinyundo kinagonga chuma. Mpini alioushika Yorva mwenyewe! Hata kuugusa bila kunawa ni mwiko, sembuse kuutia kinywani.

"Skerva! Mama wee, unakula sururu?"

Hakugeuka. Nilipomshika bega aliruka, akanitazama, na machozi yakamtoka kabla sijasema lingine.

"Sisikii, Dagna," akasema. "Huu mwaka wa tatu. Hapo naona midomo yako inacheza tu."

Nikakaa chini. Akanieleza kwamba siku moja alikuwa anaifunga sururu kwa ngozi, mikono imejaa, akaushika mpini kwa meno. Kinyundo kikamponyoka kikagonga chuma.

"Ikatetemeka humu ndani," akasema akijigusa paji la uso. "Mlio hakuna, usijidanganye. Mtetemeko tu. Lakini kwa huo najua kama imeamka salama."

Nikamshika mkono.

"Na uziwi wenyewe hauna akili," akaongeza. "Ungekuja wakati Fulgi yuko hai, ningeupokea kwa pipa la bia."

Tukacheka huku tunalia. Kisha akanishika ndevu, kama tufanyavyo tunapoapishana, akasema nisimwambie mtu, maana wakijua watamnyang'anya, na akinyang'anywa hana sababu ya kuamka. Nikaapa.

Wiki moja kabla ya Siku ya Mlango alikuja kwangu hana rangi. Meno yalikuwa yamekuta kitu kinachokwaruza, pale chuma kinapoupokea mpini. Ni ufa. Ikipigwa kwa nguvu itakatika.

Tukaenda pamoja kwa Ombrik, mkuu wa ukoo. Ombrik si mtu mbaya, ni mtu wa kelele. Mimi nilisimama nyuma ya Ombrik nikimrudia Skerva maneno yake kwa midomo, polepole, maana hivyo aliweza kuyasoma.

"Ufa?" Ombrik akasema. Akaigonga sururu kwa kinyundo, akafumba macho. "Mbona inaimba kama siku iliyozaliwa?"

"Upo ndani, mzee. Masikio hayaufikii."

"Sasa wewe umeusikia kwa kitu gani, kwa kisigino?"

Ombrik akaita wahunzi wawili, nao wakagonga, wakatega masikio, wakasema ni nzima. Mmoja akatabasamu kwa huruma, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka.

"Bibi, umechoka," Ombrik akasema. "Sikukuu ikipita tutazungumza."

Njiani nilimwambia anyamaze tu, huenda isivunjike. Nilitaka abaki na kazi yake, na nilimwonea huruma kuliko nilivyoionea sururu. Alisimama akanitazama kwa hasira.

"Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuishika," akasema.

Siku ya Mlango ukumbi wa mlangoni ulijaa mpaka ngazini. Ombrik akanawa, akaipokea sururu, akaiinua. Skerva akatoka kwenye nafasi yake, akatembea mpaka kwenye jiwe la kizingiti, akalikalia.

Watu wakaguna. Ombrik alianza kufoka, sharubu zinapepea.

"Nyanyua hizo sharubu, mzee, siwezi kusoma manyoya," Skerva akasema. "Mimi ni kiziwi. Nimewaficha miaka mitatu. Nifanyeni mnavyotaka, lakini kwanza ng'ata mpini, kisha mtu agonge."

Ombrik akauweka mpini kati ya meno, mbele ya ukoo mzima, na mhunzi akagonga polepole. Nikaona uso wa Ombrik unabadilika. Akampa mhunzi yule aliyetabasamu, naye akang'ata, naye akainamisha kichwa. Wakailaza sururu kwenye kitambaa chake.

"Haitapigwa," Ombrik akasema. "Leo wala mwaka mwingine wowote."

Kisha akamgeukia Skerva ili aseme lililobaki: asiyesikia hatunzi. Hakukuwa na haja. Skerva alikwishafungua ufunguo wa chumba cha sururu kutoka kiunoni, akamkabidhi.

Tukabaki tumesimama. Tulikuwa tumezoea kusubiri mlio uishe, na hapakuwa na cha kusubiri. Mwanamke mmoja akaanza kulia kule ngazini, halafu mwingine, halafu ukumbi wote. Nililia na mimi, nilijisikia nimefiwa. Skerva akatazama nyuso zetu moja moja, akaniuliza, "Mnalia nini?"

Nikamwonyesha kwa midomo: mlio wa sururu, hatutausikia tena.

"Ninyi mmeanza leo," akasema. "Mimi mwaka wa tatu nalia peke yangu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema tu, kwa sauti kubwa ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe, na kila mtu alisikia.

Ombrik aliutazama ufunguo mkononi mwake kwa muda mrefu. Akamwendea Skerva, akauweka kwenye kiganja chake, akamkunja vidole juu yake. Alisema kitu, na kwa kuwa alikuwa ameinamisha uso, ikabidi nikirudie mimi.

"Anasema sisi hatujui kuishi na sururu isiyolia. Wewe unajua."