Shingo ya Nyati wa Fundi Bomba

Mtu akikuambia kuwinda ni bunduki, mwambie hajawahi kukaa mezani kwangu. Kuwinda ni hesabu. Bunduki hulia mara moja ikanyamaza, hesabu hulia mwaka mzima. Nayajua haya kwa sababu niliandika bajeti za wageni katika kampuni moja ndogo ya uwindaji iliyopanga chumba Mapinga, katikati ya duka la saruji na dalali wa viwanja. Humo mimi ndiye niliyekuwa idara ya fedha, idara ya mawasiliano na idara ya kufagia.

Kazi niliipata baada ya kumaliza kidato cha nne shule ya jioni, nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Darasa lile lilikuwa na mbu wengi kiasi kwamba mwalimu akiita majina, nao wanaitika. Kiingereza nilichotoka nacho hakikuwa na breki, lakini abiria walikuwa wanafika.

Aliyenifungulia mlango hasa ni baba. Baba alikuwa mchinjaji wa kambi. Sisi watu wa pwani hatuulizani hilo, ila wageni niliwaeleza mpaka ulimi ukaota sugu: watu wa kambini, wapishi, madereva, wachunaji, karibu wote ni Waislamu. Mgeni akishapiga risasi, lazima mtu akimbie na kisu amfikie mnyama angali na roho, ataje jina la Mwenyezi Mungu, achinje. Akimkuta amekufa, huyo ni kibudu, na nyama yake hata ikiwa kubwa kama nyumba hailiwi. Anayekimbia alikuwa baba. Kumkimbilia nyati mwenye risasi mwilini! Watu wenye akili timamu hukimbia upande wa pili. Utotoni niliwatambia wenzangu wa mtaani kwetu Dunda kwamba baba yangu hufika kwa mnyama kabla ya risasi, na walioniamini hawakuwa wachache.

Baba mwenyewe hakuwa mtu wa majigambo, isipokuwa moja. Akinoa kisu chake uani alikuwa akisema, "Siku nitakayomkuta amekata roho, hiki naweka chini. Sitawalisha watu kwa kubahatisha." Tulikuwa tunacheka. Ilikuwa kama mtu kusema siku bahari ikikauka atauza nyavu.

Sasa, yule mgeni. Alikuwa fundi bomba kutoka nchi ya baridi, mtu mzima, hajawahi kutoka kwao hata kwa harusi, na alikuwa ameweka akiba miaka na miaka ili awinde Afrika mara moja tu. Wageni wengine hutupa fedha kama wanaolisha kuku. Huyu aliuliza kila mstari, kama anayetafuta pahali bomba linapovuja. Kibali cha bunduki ni cha nini? Ada ya mnyama inalipwa akianguka au akijeruhiwa? Chumvi ya ngozi nayo inanunuliwa? Tuliandikiana zaidi ya mwaka. Nilijua mgongo unavyomuuma, nikamjua mkewe aliyefariki, nikajua ukutani kwake, juu ya meza ya kulia chakula, kuna nafasi tupu.

Simba tulimtoa kwenye bajeti siku ya kwanza. Chui akamfuata. Tukabaki na nyati mmoja na siku chache kabisa zinazoruhusiwa. Kisha tukafika kwenye shingo.

Alitaka kichwa na shingo yake vikaushwe, vijazwe, vitundikwe pale penye nafasi. Nikamwandikia ukweli: kisu cha baba kitapita hapo hapo shingoni, na mtaalamu wenu wa kujaza ngozi atatoza kushona. Siku zikapita bila barua. Nikasema basi, mteja kaondoka. Akajibu: "Weka mstari wa kushona. Toa hoteli ya kufikia na ya kuondokea. Watu lazima wale."

Nilimpenda tangu hapo, naomba wakwe zangu wanisamehe. Hoteli nikaitoa, nikamtafutia gesti Dunda ambayo maji yake hutoka yakijisikia. Asubuhi yake ya kwanza alikuwa ameshalitengeneza bomba la bafuni, la jikoni, na la jirani. Mwenye gesti aliniuliza kama kuna namna ya kumzuia asisafiri.

Lakini kabla hajafika, hesabu bado ilikuwa imezidi. Kawaida tulibeba kitoweo cha watu wa kambi: papa mkavu, dagaa, mbuzi mmoja au wawili. Meneja akauliza, "Nyati si atawalisha?" Mpishi akasema atawalisha. Mimi nikasema atawalisha na wajukuu zao. Mstari ukafutwa. Mpishi msaidizi naye akafutwa, nafasi yake nikapewa mimi. Wakabaki wachinjaji, kwani kwa kawaida walikuwa wawili, baba na kijana mwenye mbio.

Nilimfuata baba nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Una uso wa mtu anayetaka kukopa."

"Sikopi. Nakata. Fedha za mgeni hazitoshi wachinjaji wawili, na mimi nasema tuwaache hivyo hivyo, tupunguze kingine."

"Mtoe kijana. Mimi natosha."

"Baba, na hayo magoti?"

"Magoti yangu ndiyo yaliyokusomesha, leo unayaandikia barua ya kuachishwa kazi?"

Nilicheka. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimemwona akiteremka ngazi za msikiti kiupandeupande, mkono ukutani, akijifanya anatazama rangi. Nikaandika: mchinjaji, mmoja.

Kitalu, eneo letu la kuwindia, kilikuwa mbali. Unaipita Chalinze, unaipita Ubena, kisha unaiacha lami na kuanza kuhesabu mifupa yako. Gari lilikuwa moja, kwa hiyo siku ya tatu, nyayo za nyati zilipopatikana, wote tulikuwemo, mimi nikiwa na masufuria ya mchana. Mimi na dereva tulibaki garini juu ya kilima. Mbele yetu palikuwa na bonde lililochomwa moto na majani mapya machache. Niliwaona kama mchwa: mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni, askari wa wanyamapori, mgeni, wachunaji, na nyuma yao baba, kanzu yake fupi ya kazini imefungwa kiunoni.

Bunduki ikalia. Nyati akakimbia, akakata bonde lote kana kwamba hakuguswa, kisha upande wa pili akapiga magoti, akalala. Bingwa alisubiri, kisha akainua mkono. Baba akaanza kukimbia.

Zamani alikimbia kama mtu aliyeitwa. Siku ile alikimbia kama aliyebeba maji kichwani asiyetaka yamwagike. Katikati ya bonde akasimama, akashika goti. Dereva aliyekuwa akitafuna muwa akaacha kutafuna. Baba akaendelea. Sijui ni masafa gani yale. Kwangu mimi ilikuwa kutoka Bagamoyo mpaka Makka.

Alifika, akachuchumaa, akanyoosha kidole akagusa jicho la nyati. Mnyama aliye hai hupepesa. Akagusa tena. Kisha akabaki pale pale, kisu mkononi, asiinuke wala asikate.

Mchunaji mmoja akaita kwa sauti iliyotufikia hadi juu: "Mzee, umemuwahi?"

Kando yangu dereva alinong'ona, kama anayeomba dua, "Sema ndiyo. Sema tu, mzee wangu." Na angeweza. Alikuwa peke yake na yule mnyama, mwili bado wa moto, na kambi nzima ilikuwa tayari kumwamini, kama ilivyomwamini miaka yote.

"Sikumuwahi," baba akasema.

Hakuna aliyemlaumu. Nyama yote ilipelekwa kijiji cha karibu kwa wasio Waislamu, na askari wetu, aliyekuwa Mkristo, alichoma kipande chake mbali na upepo ili harufu isitufikie. Heshima hiyo sijaisahau. Sisi jikoni tulibaki na kabichi. Kabichi na maharage, maharage na kabichi. Dereva akajaribu: "Mzee, kabichi hizi umezichinja kweli, au nazo zimekufa zenyewe?" Watu wakatazama chini. Aliyecheka wa kwanza ni baba, akacheka vizuri kabisa, hata nikadhani mambo yamekwisha.

Kisha akaja nilipokuwa nakata kitunguu. Akakiweka kile kisu juu ya ubao, mpini ukinielekea.

"Chukua mwanangu. Katia kabichi."

"Baba, hiki si cha..."

"Kinakata vizuri. Utaona."

Akaondoka. Nikakishika. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri tangu utotoni.

Mgeni naye akaja jikoni, kofia kichwani, amechanganyikiwa. Siku nzima alikuwa ameona nyama ikiondoka na watu wake wakila majani. Akaniuliza kwa nini hatuli. Kiingereza changu chote, kile cha mbu na mwalimu, kilinikimbia. Nikamwambia nilichoweza: "Baba hakuchinja. Kwa hiyo hatuli." Nikarudi kwenye kitunguu, kwa sababu kitunguu kilikuwa kinanisaidia.

Alitazama nje, kwenye kivuli walikokuwa wakiipaka chumvi ile ngozi, shingo nzima bila mkato. Akamtazama baba aliyekaa juu ya gogo. Akavua kofia, akamwendea, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo kitambo. Baba alidhani anapewa pole. Akaitikia, "Tumeshapoa."

Tuliporudi, baba hakwenda tena kitaluni. Meneja alimfuata, akamwahidi kijana wa kukimbia badala yake, yeye awe msimamizi. Baba akamshukuru sana, akamkaribisha kahawa, akakataa. Nilidhani angalau mtaani ataendelea, maana Dunda nzima kuku wao walipita mkononi mwake. Jirani akaja na jogoo. "Mpelekee imamu mdogo," baba akasema, "mimi nimepumzika." Kuku, jamani! Kuku aliyefungwa miguu, asiyekimbia popote. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kwa upole.

Baada ya miezi mingi simu yangu ikaleta picha. Ukuta, meza yenye sahani moja, na juu yake nyati wetu, macho ya kioo, shingo imenyooka laini kama mkeka mpya. Chini yake fundi bomba ameandika: "Mwambie baba yako naitazama shingo hii kila jioni nikila. Najua mlikula kabichi ili mimi niipate nzima. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kama hilo."

Niliisoma peke yangu kwanza, mara nyingi. Kisha nikampelekea baba barazani, nikamtafsiria neno kwa neno, sikuongeza chumvi hata punje, jambo gumu sana kwangu.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Anadhani nilimwachia?"

"Ndiyo baba."

"Umemwambia?"

"Bado."

Akaipokea simu. Kwa vidole viwili, kama wajukuu walivyomfundisha, akaikuza picha mpaka shingo ikajaa kioo chote. Akaweka kidole gumba chini ya taya ya nyati, akakivuta taratibu kuelekea upande wa pili.

"Hapa," akasema. "Ningepita hapa."

Adhana ya alasiri ikaanza. Akanirudishia simu.

"Usimwambie. Muache ale chakula chake."

Kisha akaninyooshea mkono. Sikuelewa mara moja anataka nini, maana maishani mwangu hakuwahi kuniomba hilo. Nikaweka simu chini, nikamshika kwa mikono yangu miwili, nikamwinua.