Choo Nilichokikagua Nikiwa Barabarani

Njoo uketi hapa karibu nikwambie jambo ambalo sijawahi kulisimulia lote, kwa sababu kila nikifika katikati watu hucheka, nami hucheka nao, halafu nikibaki peke yangu nakumbuka kwamba yuko mwanamke mmoja aliyeondoka nyumbani kwake kwa sababu ya mkono wangu huu wa kulia. Ni aibu yangu. Naisema mapema ili usije ukangoja mahali ambapo nitajiokoa, maana hapapo.

Mimi ni binti wa Busia, upande wa Kenya, baba yangu ni dereva wa lori, na nilivuka mpaka kwenda kusoma afya ya jamii katika chuo kidogo huko Tororo, chuo chenye madarasa matatu na (usicheke) choo kimoja kizuri ambacho ufunguo wake hukaa kwa karani. Darasani mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza wenzangu somo mwalimu akishatoka, kwa upole, mara mbili, mara tatu, mpaka mtu aelewe. Nilipenda kueleza. Likumbuke hilo.

Mwaka wa pili tukapelekwa mahali panapoitwa Kwapa kwa mazoezi ya vijijini, kila mwanafunzi na nyumba zake ishirini na fomu zake ishirini. Swali la kwanza lilikuwa kama familia ina choo, na la pili ni nani anakitumia, na mwalimu wetu, Madamu Robina, alikuwa ametuonya kwamba choo hakiandikwi kwa kuambiwa, unakwenda, unakiona kwa macho yako, unauliza watu. Nyumba yangu ya ishirini ilikuwa ya Mzee Ikileng. Mvua ilikuwa imenyesha, kati ya barabara na uwanja wake kulikuwa na tope zito la mfinyanzi, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vyeupe alivyoninunulia mama siku ya Idi. Basi nikasimama barabarani nikapiga hodi, mzee akatokea mlangoni, nikamuuliza kwa sauti kama choo kipo.

"Choo iko," akajibu, akanionyesha kwa fimbo.

Nikakiona kule nyuma ya migomba: ukuta wa udongo uliosiribwa vizuri, mabati mapya, hata kidumu cha kunawia mikono kikining'inia pembeni. Nikatia tiki. Kwenye swali la pili nikaandika "wote", kwa sababu nani atakuwa na choo kizuri vile asikitumie? (Kwetu Busia tunaishi kwenye ploti, milango kumi, choo kimoja, na mtu akiwa na haraka hakuna anayemuuliza mkwe wake ni nani.)

Fomu zilipojumlishwa, nyumba ya Mzee Ikileng ikatokea ya kwanza kijiji kizima. Ikaamuliwa kwamba mkutano wa kufunga mazoezi ufanyike uwanjani kwake ili wengine waone mfano, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeipata nyumba hiyo, Madamu akasema nitaongoza mimi.

Siku yenyewe watu walijaa. Nikaeleza habari ya nzi, anakotoka na anakotua, nikaona vichwa vinatikisika, nikanogewa. Mzee mwenyewe sikumwona, nikadhani yuko kwa ng'ombe wake. Aliyekuwa akitugawia maji ya kunywa ni mke wa mwanawe, Achieng, msichana wa Nagongera aliyeolewa pale mwaka uliotangulia, mjamzito, mtu wa sauti ndogo. Nami nikafikiri kwamba maneno matupu hayatoshi, afadhali mtu wa nyumba hii hii atuonyeshe wanavyofanya. Nikamwendea, nikamshika mkono, nikawaambia watu huyu ndiye mwalimu wetu leo.

"Hapo mimi siingii," akasema polepole, akiangalia chini.

"Usiogope, dada," nikamwambia. "Choo hakiumi."

Wanawake wakacheka kidogo huku wameziba midomo, nikadhani wananiunga mkono. Mwenyekiti wa kijiji akakohoa, akakohoa tena, nikadhani ni vumbi (vumbi gani, na mvua ya jana?). Achieng akauvuta mkono wake, nami nikamshika vizuri zaidi, kwa upole, maana tumefundishwa kwamba mtu huona haya mwanzoni na kazi yetu ni kumtia moyo, basi nikamtia moyo hatua kama thelathini, kijiji kizima kikitufuata, mpaka mlangoni, ambapo mlango ulikuwa gunia, na gunia nikalifunua kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umemshikilia mkwe wa watu.

Mzee Ikileng alikuwa ndani. Kofia ilikuwa kichwani, na mengine sitakueleza, mimi ninayependa kueleza.

Achieng alijifunika uso kwa leso, akapita katikati ya watu, nao wakampisha bila kumgusa. Nikamuuliza mwenyekiti kulikoni, naye akanijibu kama mtu aliyechoka:

"Mwalimu, hapa kwetu muke ya mtoto haingii choo ya baba mukwe. Wewe hukuuliza yeye anakwendaga wapi?"

Sikuuliza. Alikuwa akienda kwenye mihogo, alfajiri, na tumbo lile, akingoja mumewe achimbe choo cha pili. Fomu yangu ilisema "wote".

Siku hiyo hiyo alipanda boda boda kurudi kwao Nagongera, maana baada ya jambo kama hilo wazee wa pande mbili lazima wakae kwanza kulisuluhisha, na Mzee Ikileng alikataa kukaa na mtu yeyote. Wiki iliyofuata nilirudi nimevaa gambuti, nikavuka lile tope, nikaomba msamaha. Mzee alizungumza nami mlango ukiwa umefungwa. Alisema hana hasira, ila hajui sasa watu atawatazama vipi. Nikaenda na Nagongera. Achieng akanipa kiti, akanipa chai, akangoja nimalize maneno yangu yote.

"Mimi nilikuambia, dada," akasema. "Wewe ulikuwa unaeleza tu."

Mazoezi nilifaulu. Madamu alilikata lile "wote" kwa kalamu nyekundu, akanipa alama, kwa sababu fomu zote ishirini zilikuwa zimejazwa. Mume wa Achieng alichimba choo cha pili, nimekiona, kimeezekwa vizuri, na majani yameota mpaka mlangoni kwa kuwa hakuna anayepita. Mtoto alizaliwa Nagongera. Wazee hawajakaa mpaka leo.

Wewe unayeanza masomo haya, sikukatishi tamaa, najua utafanya vizuri kuliko mimi. Vaa gambuti tangu asubuhi. Vuka tope, ingia uwanjani, na usimuulize mwenye nyumba peke yake: mwite kila mtu pembeni, mmoja mmoja, ukianza na mkwe, umuulize yeye anakwenda wapi, halafu nyamaza mpaka amalize kujibu.