Kirangozi wa Mwezini

Kila gari la sinema lilipokuja Tabora, Eustadia alikaa karibu na mkalimani, yule aliyepangusa bomba lake la kusemea kwa leso kabla ya kumpa kila mtu wa kwenye picha sauti yake. Jioni moja ilionyeshwa picha ya safari ya roketi kwenda mwezini. Shujaa wake, mkalimani alimwita kirangozi, kama viongozi wa misafara ya zamani; wenzake shujaa aliwaita wapagazi, na watu walicheka. Mwishoni mwa picha hiyo, mpagazi mmoja alivunjika mguu huko mwezini. Shujaa akapakia mawe yanayong'aa, akamwacha, kisha akasimama kuhutubia. Mkalimani akashusha bomba.

"Mkalimani, umemeza ulimi?" watu wakapiga kelele.

"Tafsiri, au kazi huna!" akafoka msimamizi wa gari.

"Babu yangu, kirangozi wa kweli, alitupa pembe za ndovu za tajiri njiani, akambeba mwenzake mgonjwa," alisema mkalimani. "Huyu kaacha mtu, kabeba mawe. Nimpe sauti yangu?"

Akalipangusa bomba, akamkabidhi msimamizi, akaondoka. Ukutani shujaa aliendelea kujisifu kwa Kiingereza chake, na Eustadia aliridhika kwamba hakuna aliyekuwa akimsikiliza.