Sidiria ya kukamulia maziwa: nilivyomtafutia mke wangu akiwa wodini na mapacha njiti

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mlio vijiweni.

Mimi huwa nasoma nyuzi za wenzangu na kupita. Leo nimeona niandike. Ni kweli tupu, yametokea kwangu. Majina ya watu nimeyaacha, isipokuwa ya watoto.

Ni mwanaume, nina duka la vipuri vya pikipiki Itigi. Nasema mapema ili mtu asishangae huko mbele nikianza habari za sidiria.

Mke wangu alikuwa na mimba ya mapacha. Uchungu ukaja mapema mno. Tukakimbilia hospitali Singida mjini, akajifungua, yeye akawa salama ila watoto njiti. Wa kwanza wa kiume, Kulwa. Wa pili wa kike, Doto, yale majina ya mapacha mnayoyajua.

Doto alikuwa na nguvu kidogo. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Mungaa, alimbeba kifuani wakipokezana na mke wangu. Kulwa akabaki kwenye mashine ya joto. Wote hawakuweza kunyonya, wakawa wanalishwa maziwa ya mama yao kwa mpira wa puani.

Dada yangu akatuletea pampu yake ya umeme ya kukamulia. Sasa ile pampu ina vikombe viwili na kila kimoja unakishikilia kwa mkono wako.

Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nesi alikuwa amemfundisha mke wangu kuingiza mikono kwenye vidirisha vya mashine, mmoja kichwani kwa mtoto, mwingine miguuni. Hapapasi, anatuliza tu. Kulwa akishikwa hivyo pumzi yake inakaa sawa, tuliona kwa macho yetu.

Mke wangu akaniambia, "Baba Kulwa, nikikamua simshiki. Nikimshika, maziwa hayapo. Nichague lipi?"

Nikamfuata nesi.

Nesi akatuambia kuna sidiria za handsfree. Zina matundu mbele, unapitisha vikombe, vinakaa vyenyewe, mikono inabaki huru.

Nikaenda dukani mjini. Dada wa pale akaniuliza, "Saizi gani kaka?" Nikamjibu, "Ya kawaida."

Wakuu, mtu akija kwangu akasema anataka tairi ya kawaida namcheka.

Akanipa ya kunyonyeshea, ile inayofunguka kwa kifungo juu. Kumbe ni vitu viwili tofauti. Inafunguka vizuri, ila haina cha kushika pampu.

Nikaagiza nyingine online, ikaja na basi kutoka Dar. Hii ilikuwa yenyewe, matundu na zipu mbele. Saizi niliangalia kwenye sidiria zake za zamani. Hakuna aliyenishtua kwamba maziwa yakishuka mwili unabadilika.

Ilimbana. Akavumilia, kwa sababu mikono yake ilikuwa kwa Kulwa. Kesho yake titi moja likawa gumu kama jiwe, homa juu. Nesi akamwambia aivue mara moja, ikibana maziwa yanaganda.

Nikatoka nayo kwenye mfuko, nikakaa kwenye benchi nje.

Mnaotoka kwetu mnajua heshima ya mkwe. Mama yule tangu nioe hatujawahi hata kula sahani zikitazamana. Akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo nguo ya mwenzio iko wapi?"

"Ipi mama?" Nilikuwa naangalia chini.

"Ya maziwa. Ilete. Aibu tutaona baadaye, mtoto akishapona."

Nikampa. Akafumua mishono ya ubavuni, akaniomba fulana yangu ya ndani, akakata vipande, akaongezea pembeni kwa sindano ya mkono. Mkwe wangu ameshika sidiria ya mke wangu, mimi nimemshikia uzi. Hakuna aliyecheka.

Ikakaa sawa. Imeshika vikombe lakini vidole vinapita chini yake. Mke wangu akawa anakaa pembeni ya Kulwa, khanga mabegani, pampu inavuta, mikono yote miwili iko ndani. Alikuwa anamwimbia Kinyaturu kwa sauti ya chini. Zile siku chache nilimwona ana furaha.

Asubuhi moja nimeleta uji, namkuta amekaa vilevile. Akamgeukia nesi, "Sista, mbona ametulia hivi?"

Nesi akaangalia. Akamwita mwenzake. Wakahangaika naye pale.

Kulwa alikuwa ameondoka, mikono ya mama yake ikiwa juu yake.

Pampu bado inavuta. Maziwa yanaingia kwenye chupa na hakuna aliyekumbuka kuizima. Sikujua kitufe ni kipi, nikachomoa waya ukutani.

Mke wangu akaiangalia ile chupa. Alisema tu, "Msiyamwage. Mpeni Doto."

Nilimpeleka Kulwa Itigi, tukamzika. Mke wangu hakuja, Doto alihitaji maziwa. Niliporudi nikamkuta anakamua, sidiria ileile, mikono ameilaza mapajani. Haina pa kwenda. Hiyo picha wakuu, sijui nitaisahau lini.

Doto alipona. Sasa anatambaa, anavuta vitambaa vya meza.

Nilichojifunza, kwa mwenye mke au dada anayekamua: mpimeni baada ya maziwa kushuka, siyo kabla. Akisema inabana, msimwambie itaachia. Iwe ya kurekebishika pembeni. Ya kunyonyeshea siyo ya kukamulia, ulizeni vizuri. Na mwanaume usione haya kuuliza dukani.

Sasa naomba ushauri wenu. Kila tukimtaja mtoto jina, mtu anauliza, "Na Kulwa hajambo?" Sokoni, kanisani, hata kliniki. Ndugu zangu wanataka tumbadilishe jina ili mama yake apumzike. Nilimuuliza mke wangu mwenyewe.

Akasema, "Waache waulize. Nikiulizwa, namtaja."

Waliopitia hili, nyie mlifanyaje? Karibuni, nasoma zote.