Bibi wa Ujiji Aliyesinzia Juu ya Ziwa

Nawaambia mapema kabisa: sikuota, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Mimi ni mtu wa vyeti. Nilianza kwa kuuza mawese barabarani pale Mwandiga, nikajisomesha mwenyewe, nikapata diploma ya ufundi wa ndege, nikatengeneza ndege kubwa za abiria huko Nairobi mpaka nilipoamua kurudi. Nyumba yangu ya Buzebazeba ina vigae hadi jikoni, na hakuna aliyenichangia hata msumari. Mtu wa namna hiyo anahangaika kubuni habari za wachawi ili iweje?

Basi siku hiyo nilikuwa Ujiji, baada ya adhuhuri, kwenye baraza la kahawa. Nilikuwa nawaeleza watu jinsi ndege inavyojiendesha ikishafika juu. Wengi hudhani rubani ameshika usukani safari nzima. Hapana. Kuna otopailoti, nayo hupewa kazi mbili. Ya kwanza ni kulinda kimo: hewa ikiishusha ndege, inainua pua, hewa ikiipandisha, inainamisha pua. Ya pili ni kulinda mwendo, na hiyo inafanywa kwa injini: pua ikiinuka mwendo hupungua, basi injini zinaongezewa nguvu, pua ikiinama, zinapunguziwa. Kazi hizo mbili zinakwenda pamoja.

"Na rubani akisinzia?" aliuliza mwanamke nyuma yangu.

"Shikamoo, Bibi. Hata akisinzia, ndege inakwenda."

"Marahaba. Njoo huku, fundi, nina shida na wewe."

Nilimfuata hadi uani kwake. Hapo ndipo nilipoona kivuli chake kimelala upande wa jua. Niaminini, nilitazama mara mbili. Miguu ilitaka kukimbia, lakini yeye alikuwa ameshaanza kueleza, na mtu akiniuliza habari za kazi yangu mimi siwezi kuondoka.

Jina lake Bi Tausi. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mjukuu wa dada yake alikuwa anaolewa jioni hiyo. Bi Tausi ndiye somo wake, aliyemfunda, na kwa desturi yao mwali hapakwi hina mpaka somo aanze kwa mkono wake. Akikosekana, kazi ingekwenda kwa wifi yake Bi Tausi, na hawa wawili hawajasalimiana miaka mingi. Boti isingewahi. Alikuwa na ungo, lakini uzee umemletea usingizi. Safari iliyopita alisinzia akaamkia kwenye matete, kalowa mpaka kilemba.

"Mbona usiende usiku kama wenzako?" nilimuuliza.

"Usiku wavuvi wa dagaa wamejaa ziwani na taa zao. Nitajificha wapi? Saa hizi watu wamelala. Nifundishie chombo changu, mwanangu. Na utapanda, nisije nikafundishwa uongo."

Nikafundisha, tena vizuri. Nilimwambia ungo ulinde kimo, na mwiko, ambao huchomekwa nyuma ndio usukume, ulinde mwendo. Aliugonga ungo ukingoni, akaunong'oneza. Ukapanuka kama unga unaoumuka, tukakaa wawili bila kubanana. Mwiko hakuugonga.

"Bado mwiko, Bibi."

"Huo nitaushika mwenyewe. Nimeushika tangu baba yako hajazaliwa. Na wewe usitaje jina la Mungu mpaka tutue, la sivyo tunaanguka."

Tukaondoka. Jamani, ziwa letu ni zuri kutoka juu. Maji yalikuwa ya buluu iliyokolea, na ungo ulitulia kama mkeka wa msikitini. Nilijivunia, sitaficha. Hata kumaliza kujivunia sikumaliza, nikasikia mkoromo.

Tulikuwa tumekaribia milima ya Kongo. Upepo unaovuka milima ile hushukia ziwani, na ukiwa ndani yake unavutwa chini. Ungo ulifanya ulichoambiwa: ukalinda kimo. Ukainua pua, yaani ukingo wake wa mbele, kidogo. Upepo ukaushusha, ukainua tena. Lakini nani aliongeza nguvu? Mkono wa Bi Tausi ulikuwa umelegea juu ya mwiko. Mwendo ukapungua, pua ikapanda zaidi, mwendo ukapungua zaidi. Kisha ungo ukaanza kutetemeka chini ya makalio yangu. Mtetemo ule naujua. Hewa ikikaribia kukuachia, ndiyo salamu yake ya mwisho.

Nilimtikisa. Nilimwita. Nilimfinya. Jina la Mungu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza. Mwishowe nikamwambia sikioni, "Bi Tausi, wifi yako ameshika hina."

Macho yakafunguka palepale. "Nani kamruhusu?"

"Acha kimo. Uambie ungo uinamishe pua, ulinde mwendo."

"Tutaingia majini."

"Tukibaki hapa tutaingia kwa mgongo. Gonga, Bibi."

Akagonga. Ungo ukainama, tukashuka mbio mpaka nikaona viganja vya wavuvi waliokuwa wakitupungia, sijui walituona ndege gani. Mwendo ukarudi, mtetemo ukaisha. Ndipo nikamwambia aurudishie ungo kazi ya kimo, na mwiko upewe ya mwendo. Safari hii aliugonga bila kubisha.

Tuliwahi. Wifi alikuwa tayari amekunja mikono ya gauni, kabakuli ka hina mapajani. Bi Tausi akakachukua bila salamu, akampaka mwali, na mwali akalia kwa furaha. Kisha Bi Tausi akanigusa kidole cha mwisho kwa hina hiyo. "Na fundi wangu naye," akasema. Kurudi alilala njia nzima, mimi nikitazama mwiko ukiongeza na kupunguza wenyewe.

Ile hina haijafutika mpaka leo. Nimesugua kwa mafuta ya taa, kwa jiwe, kwa kila kitu. Njoo Buzebazeba uione. Na kila nikipanda ndege, pua ikiinuka kidogo tu, kidole hicho hupata moto kabla abiria yeyote hajahisi kitu.

Kwa hiyo nakuonya, ndugu msomaji. Mwanamke wa Ujiji akikuuliza habari za kazi yako mchana, tazama kwanza kivuli chake. Ukikiona upande wa jua na bado ukaamua kupanda, usikubali kuondoka mpaka mwiko nao umegongwa.